Menyu Hupangwa kwa Kurudi Nyuma: Mhadhara kwa Wapishi, Wenye Migahawa na Kamati za Sherehe

Ndugu wapishi, wenye migahawa, mama lishe na baba lishe, pamoja nanyi mnaoketi kwenye kamati za harusi, nawashukuru kwa kuitikia mwaliko. Nimeombwa nizungumzie upangaji wa menyu, na nadhani baadhi yenu mlitarajia nianze na karatasi yenyewe, yaani rangi zake, picha zake na aina ya maandishi. Karatasi nitaifikia, lakini kwa ufupi, kwa sababu menyu mbovu haiponywi na mchapaji. Hoja yangu ni kwamba menyu hupangwa kwa kurudi nyuma: unaanza na sahani iliyo mbele ya mlaji, saa ile anayokula, unarudi jikoni, kisha unarudi sokoni. Wengi wetu tunaipanga kinyume chake, tukaandika vyakula tunavyovipenda au alivyoviandika jirani, ndipo tukatafuta namna ya kuvipika, na mwisho tukabahatisha bei.

Tuanze na gharama, kwa kuwa ndiko fedha nyingi zinakopotelea. Ukimwuliza mwenye mgahawa sahani yake ya wali nyama inamgharimu kiasi gani, mara nyingi atataja bei ya kilo buchani na kuigawa kwa idadi ya vipande. Hesabu hiyo inamdanganya. Tuseme kilo ya nyama ya mchanganyiko ni shilingi 12,000. Toa mifupa na mafuta, labda gramu 250. Zinabaki gramu 750. Nyama ikiiva hupoteza maji, na takriban theluthi moja ya uzito uliobaki huondoka. Mkononi una gramu 500 za nyama inayolika, maana yake kilo ya nyama iliyoiva imekugharimu shilingi 24,000, na pande la gramu 100 ni shilingi 2,400 kabla hujahesabu mchele, mafuta, nyanya, vitunguu na mkaa. Najua mfupa nao huingia sahanini na wapo wanaoupenda, lakini mteja anayerudi kesho anakumbuka nyama aliyoitafuna. Mchele hufuata njia nyingine: kilo moja hutoa takriban kilo mbili na nusu hadi tatu za wali. Ndiyo maana anayepima wali kwa uangalifu huku nyama akiipakua kwa jicho anabana pasipovuja. Kijiko cha kupakulia chenye ujazo mmoja, na mizani ndogo ya jikoni, vina kazi kubwa zaidi katika menyu kuliko picha yoyote.

Fani ya hoteli inafundisha kwamba gharama ya viambato isizidi sana theluthi moja ya bei ya kuuzia. Ni mwongozo mzuri wa kuanzia, lakini ukiutumia peke yake utafukuza chakula kinachokulisha. Chukueni mfano huu, ambao tarakimu zake ni zangu za kufundishia. Wali maharage unauzwa shilingi 3,000 na viambato vyake ni shilingi 1,000. Gharama ni theluthi, na unabakiwa na shilingi 2,000. Wali samaki unauzwa shilingi 7,000 na viambato vyake ni shilingi 4,200. Gharama ni asilimia 60, ambayo mkaguzi yeyote angeikunjia uso, lakini unabakiwa na shilingi 2,800. Kodi ya pango na mshahara wa mhudumu havilipwi kwa asilimia. Vinalipwa kwa shilingi zilizobaki.

Mwaka 1982, Michael Kasavana na Donald Smith wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, walipendekeza kila chakula kipimwe kwa mambo mawili kwa pamoja: kinabakiza shilingi ngapi, na kinanunuliwa mara ngapi. Kwa upande wa kununuliwa waliweka kipimo cha asilimia 70 ya mgawo wa haki. Ukiwa na vyakula 10, mgawo wa haki wa kila kimoja ni asilimia 10 ya sahani zote. Kwa hiyo kinachofika asilimia 7 kinapendwa, na kisichofika kina kasoro. Hapo vyakula vyako hugawanyika katika mafungu manne. Kinachopendwa na kubakiza fedha nyingi, kilinde: usimbadilishie mpishi wake wala usipunguze kipimo. Kinachobakiza fedha nyingi lakini hakinunuliwi, kifanyie kazi. Kisogeze juu kwenye orodha, kipe jina linaloeleweka, mwambie mhudumu akitaje mteja anapokaa. Kinachokosa yote mawili, kiondoe.

Fungu la nne ndilo linalohitaji busara, yaani chakula kinachopendwa sana lakini kinabakiza kidogo. Wali maharage umo humo. Nawasihi msikimbilie kupandisha bei yake, kwa sababu fundi ujenzi na dereva wa bodaboda wanaokuja kila siku wanakuja kwa ajili yake, na wakiondoka huondoka na chai yao ya asubuhi na soda yao ya mchana. Tazameni badala yake kinachoambatana nao: parachichi, kachumbari, kipande cha samaki cha kuongezea. Isitoshe, mbinu hii ya Michigan ina pengo ambalo jiko letu linalijua vizuri, kwani haihesabu moto wala mikono. Ndizi zinataka kumenywa, na makange yanashika jiko zima kwa ajili ya mteja mmoja huku wengine wakisubiri. Kwa hiyo kwenye daftari lenu ongezeni safu ya tatu, ya dakika ambazo kila chakula kinashika jiko.

Hilo linatuleta kwenye urefu wa menyu. Ninyi nyote mmewahi kukaa mahali penye orodha ya vyakula 40, ukataja cha kwanza ukaambiwa kimeisha, cha pili ukaambiwa leo hakuna, hadi ukaishia kuuliza, “Basi kipo nini?” Orodha kama hiyo inamfundisha mteja kwamba neno la nyumba hii si la kuaminiwa. Jiko lenye majiko matatu ya mkaa halibebi vyakula 40; linabeba 10 au 12, tena vinavyoshirikiana viambato. Kuku yuleyule atoke kwenye supu ya asubuhi, aingie kwenye wali wa mchana na kwenye makange ya jioni. Vinavyobadilika kwa msimu, kama samaki na matunda, viandikwe kwa chaki ubaoni, na karatasi iliyopitishwa plastiki ibaki na vile mnavyoweza kuviapia mwaka mzima. Mnaofanya kazi Pwani na Visiwani mnajua pia kwamba Ramadhani haitaki menyu ya kawaida iliyopunguzwa, inataka menyu yake kamili ya futari: mihogo na magimbi ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, vyote vikiwa tayari kabla ya adhana ya Magharibi, kwa maana mfungaji hapaswi kusubiri.

Kuhusu karatasi, nina machache. Jina la chakula liseme kilichomo: “Changu wa kupaka, rojo la nazi na ukwaju, na wali” linamtosheleza mlaji kuliko sifa tupu za utamu. Bei iwe karibu na jina. Picha iwe ya chakula kilichopikwa jikoni kwenu, kwa sababu picha ya kuokota mtandaoni ni ahadi ambayo mpishi wenu hakuitoa.

Sasa nigeukie sherehe, ambako naona uharibifu mkubwa zaidi, na nitakaa hapo.

Kadi inasema saa 12 jioni. Maharusi wanaingia saa 2 usiku, utambulisho wa ndugu unachukua muda wake, zawadi zinachukua wake, na chakula kinafunguliwa saa 4 au saa 5. Mpishi, kwa kuogopa kuchelewa, alitoa sufuria motoni saa 10 alasiri. Chakula kimekaa kwa muda wa saa 6 au 7. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida zaidi ya saa 2, na kwamba chakula cha moto kidumu juu ya nyuzi 60 za Selsiasi hadi kinapoliwa. Wali ndio unaonitia hofu kuliko vyote kwa sababu hakuna anayeushuku. Mchele hubeba bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukipoa polepole ndani ya sufuria kubwa mbegu hizo huamka, huzaana na kutoa sumu, na sumu ya kutapisha haiondoki hata wali ukipashwa moto upya. Wageni wanaougua siku ya pili huilaumu nyama au juisi.

Kwa hiyo swali la kwanza la menyu ya sherehe, kabla ya kuuliza aina ngapi, ni: chakula hiki kitakuwaje baada ya kusubiri? Pilau iliyofunikwa vizuri na kuwekewa makaa juu na chini inavumilia. Mchuzi wa nyama unavumilia, na wapo wanaosema unaongezeka utamu. Ndizi nyama inavumilia ikiwa na rojo la kutosha. Chipsi hazivumilii hata nusu saa. Hulegea, na bado kamati karibu zote huziandika. Samaki wa kukaanga hupoteza ukavu wake kwenye chombo kilichofunikwa. Maharage na samaki wa nazi huchacha upesi, hivyo visitoke jikoni mapema. Kachumbari ikitiwa chumvi na ndimu mapema hutoa maji, basi nyanya na vitunguu vikatwe mapema vikae kwenye ubaridi, na chumvi itiwe bafe inapofunguliwa. Mpishi na mshereheshaji ni lazima wakae pamoja wiki moja kabla na kuandika saa ya chakula kwenye ratiba, na sufuria iwekwe motoni kwa kufuata saa hiyo.

Kuhusu vipimo, kilo ya mchele hutosha watu 8 hadi 10. Wageni 300 wanaokula pilau pekee wanahitaji kilo 30 hadi 38. Lakini ukiweka pilau, wali mweupe, ndizi na viazi, usipike kila kimoja kwa watu 300, kwani hakuna tumbo la kubeba milo minne. Jumla ya vyote ndiyo iwatoshe. Kuku mmoja akikatwa vipande 8, kipande kimoja kwa kila mgeni kinadai kuku 38, na viwili vinadai kuku 75. Kama kamati haina fedha za kuku 75, iseme mapema, na kipande kipakuliwe na mhudumu mwishoni mwa meza, baada ya wali na mboga, ili mgeni wa mwisho mstarini apate alichopata wa kwanza. Sijaona aibu kubwa kwenye harusi kuliko meza za nyuma, ambazo mara nyingi ndizo za majirani na wafanyakazi wenza wa wazazi, kukuta wali mtupu.

Kamati huniambia kwamba aina chache ni uchoyo. Siamini hivyo. Tazameni walima wa Pwani: sinia la pilau, kachumbari, ndizi mbivu, kinywaji, na watu wanakula pamoja kwenye sinia moja hadi wanashiba. Hakuna anayetoka pale akisema amedharauliwa. Kwa Wachaga, ndafu, yule mbuzi mzima aliyechomwa, anabeba heshima ya sherehe nzima akiwa peke yake mezani. Ukarimu umo katika chakula kilichoiva vizuri, chenye moto, kinachomfikia kila mtu, na fedha za aina 14 zilizopikwa nusunusu zingeweza kupika aina 6 hivyo.

La mwisho ni walaji wenyewe. Katika ukumbi mmoja wa Dar es Salaam au Mombasa wameketi Waislamu, ambao nyama yao ni lazima iwe imechinjwa kihalali. Wakatoliki, ambao Ijumaa Kuu hawali nyama. Wasabato, wasiokula nguruwe wala samaki asiye na magamba, kwa hiyo kambare hawamgusi. Na Wahindu wengi wasiokula nyama kabisa. Menyu inayoheshimu wote hao inawezekana bila gharama ya ziada, ikiwa machinjo ni ya halali, nguruwe hayumo kwenye jiko hilo, na mboga moja yenye kushibisha haikupikwa kwa supu ya nyama. Kinachohitajika ni kibandiko mbele ya kila chombo: “Pilau ya ng’ombe”, “Mchuzi wa mbuzi”, “Mchicha wa karanga”. Hicho cha mwisho nakisisitiza. Karanga zilizosagwa ndani ya mchicha au kisamvu hazionekani kwa macho, na kwa mtu ambaye mwili wake unazikataa, vijiko viwili vinaweza kumbana pumzi hapo hapo. Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, unawalazimu wenye migahawa kumjulisha mlaji juu ya viambato 14 vya namna hiyo, karanga, ufuta, samaki na maziwa vikiwemo. Hatuna haja ya kusubiri sheria ili tuandike maneno matatu kwenye kipande cha karatasi.

Kabla sijapokea maswali, ningeomba wale waliopikia zaidi ya watu 500 mwaka huu watueleze walipima vipi mabaki, chombo kwa chombo, maana orodha hiyo ya mabaki ndiyo inayopaswa kuwa mezani kamati ijayo inapoketi kupanga menyu.