Sayansi ya Kompyuta: Hesabu Utaikuta Tu

Shikamooni wazazi na walimu. Wanafunzi, hamjambo.

Nimeombwa nizungumzie sifa za kusomea shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta. Zenyewe ni chache, nizimalize mapema. Kwa aliyetoka kidato cha sita, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, inataka prinsipo mbili, yaani masomo mawili makuu aliyofaulu kwa A hadi E, zenye jumla ya pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Anayepitia stashahada anatakiwa awe na GPA, yaani wastani wa alama zake za chuo, isiyopungua 3.0. Hicho ni kiwango cha chini cha taifa zima. Kila chuo kinaongeza masharti yake. Someni mwongozo wa TCU wa mwaka wenu, msitegemee maneno ya kaka aliyeingia chuo zamani.

Ukiufungua mwongozo huo, kwenye sayansi ya kompyuta hisabati haikosekani. Na hapo ndipo wanafunzi wanapolalamika: "Mwalimu, mimi natengeneza tovuti tangu kidato cha pili, hesabu ya nini tena?" Swali hili lina haki ya kujibiwa kwa kirefu.

Chukueni orodha ya majina milioni moja yaliyopangwa kwa alfabeti. Mnatafuta jina moja. Mkianza juu mkishuka, huenda mkayapitia yote milioni. Lakini mkienda katikati, mkaona jina lenu liko juu au chini ya hapo, nusu nzima mnaiacha. Yanabaki laki tano. Mnakata tena, 250,000. Tena, 125,000. Hamtazidi hatua 20, kwa sababu 2 kwa kipeo cha 20 ni 1,048,576. Majina yakiwa milioni mbili, hatua inaongezeka moja tu! Kuhesabu mtakata nusu mara ngapi, hizo ni logi zile zile mnazozichukia darasani. Programu ya kazi hiyo ni mistari michache, na yeyote anaweza kuinakili. Mwenye shahada anatakiwa athibitishe kwamba haitaruka jina hata moja, orodha iwe ndefu kiasi gani, na njia ya kuthibitisha ni induksheni mnayoikuta kwenye Advanced, hisabati ya kidato cha tano na sita: unaonyesha ni kweli kwa namba ya kwanza, kisha kwamba ikiwa kweli hadi namba fulani, ni kweli kwa inayofuata.

Jingine ni pesa. Iambie Python, lugha ya kuandikia programu, ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Kompyuta haijaharibika. Inahesabu kwa sifuri na moja, na katika mfumo huo 0.1 haiandikiki ikakamilika, kama vile theluthi moja isivyokamilika kwa desimali. Anayeandika mfumo wa malipo bila kujua hili ataleta hesabu zisizofunga, na wenye fedha zao watadai. Anayejua anazihifadhi kama senti, namba nzima, basi.

Kwa hiyo sikubaliani kabisa na wanaosema hisabati imewekwa kupunguza watu. Seti na mantiki za kidato cha tano, pamoja na majedwali yake ya kweli na si kweli, utazikuta tena chuoni kwenye hifadhidata na kwenye saketi za kompyuta. Anayeingia bila msingi huo anaanza mwaka wa kwanza akikimbizana na sapu, mitihani ya kurudia.

Ukishaingia, kuna masharti ya kutoka. Shahada ya miaka mitatu inahitaji krediti zisizopungua 360, na krediti moja ni saa 10 za kujifunza. Ni saa 3,600, na sehemu kubwa ya hizo hauko na mhadhiri: uko maabara, uko na karatasi, uko na programu iliyogoma kufanya kazi. Utapita kwenye algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo, kwenye mifumo endeshi, mitandao na hifadhidata, utakwenda fildi, mafunzo ya vitendo kazini, na mwaka wa mwisho utafanya projekti na kuitetea mbele ya watu wanaouliza "kwa nini" kila dakika.

Wazazi, nawaomba jambo moja. Mtoto akileta F ya hesabu, msimwambie "hata mimi sikuiweza." Anaposikia hivyo anaona amerithi, anaiacha. Mtafutieni mtu wa kukaa naye jioni. Kuhusu laptop, kwenye kiwango cha taifa haimo. Anza na hesabu, laptop itafuata.

Aliyesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza, bila hisabati) na bado moyo uko huku asikate tamaa: zipo stashahada za kompyuta zinazopokea watu kwa matokeo ya kidato cha nne, na GPA niliyoitaja inamfungulia njia ya shahada. Ni safari ndefu zaidi, lakini inafika.

Kidato cha nne mnaojaza selform, fomu ya kuchagua masomo ya kidato cha tano, mnaowaza kati ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) na EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati), leteni fomu zenu hapa mbele tuzipitie moja moja. Wengine, karibuni kwa maswali.