Tafuteni Kwanza Bakteria Anayestahimili Ukali

Wanafunzi wangu wameisikia hoja hii mara nyingi, wanivumilie. Kila nikisema tuboreshe bakteria wa kutengeneza asidi viwandani, naulizwa mashine ya kuhariri jeni iko wapi. Na mimi nauliza: bakteria mwenyewe mmemtafuta wapi?

Chukueni maziwa ya mgando. Yanachacha, yanachacha, halafu ukali unakoma na sukari bado imo. Kwa nini? Asidi ya laktiki imemgeukia aliyeitengeneza. Mazingira yakifika pH 4 kushuka chini (pH ni kipimo cha ukali, namba ikishuka ukali unapanda), asidi hiyo hupenya utando wa seli na kuachia hidrojeni yake ndani. Bakteria anamaliza nguvu akiisukuma nje, kazi inasimama. Kiwandani wanamwokoa kwa chokaa, inayopunguza ukali. Sawa, lakini sasa huna asidi, una kalsiamu lakteti, chumvi yake! Inabidi umwage asidi ya salfuriki kuikomboa, na kila tani ya asidi ya laktiki inakuachia karibu tani nzima ya jasi. Utaipeleka wapi? Kwa hiyo msiniletee bakteria mwenye kasi tu. Nileteeni mstahimilivu.

Naye huzalishwa kwa subira. Wakuze kwenye asidi kidogo, watakaosalia wahamishie kwenye kali zaidi, wiki baada ya wiki. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha kazi yao ya kuunganisha seli za Lactobacillus, bakteria wa asidi ya laktiki, zilizovuliwa kuta. Jeni zikachanganyika zenyewe, wakachagua waliostawi kwenye ukali uliowashinda wazazi wao. Hapo hakuna jeni iliyohaririwa.

Mtasema hatuna vifaa. Kipimo cha pH mnacho, inkubeta mnayo. Actinobacillus succinogenes, mtengenezaji hodari wa asidi ya suksiniki, asidi nyingine ya viwandani, anayetumia hata kaboni dayoksaidi, alitolewa wapi? Tumboni mwa ng'ombe! Nasi hapa Dar es Salaam, machinjio ya Vingunguti, tunachinja kila siku, na kilichomo tumboni tunakiita taka. Nani kati yenu amewahi kwenda pale na chupa ya chai? Inauma.

Muda unanibana. Molasi za Kilombero, yale masalia ya kiwanda cha sukari, zina sukari, lakini zina na uchafu, bakteria wenu wazoesheni humo humo, si kwenye glukosi safi. Hifadhini bakteria wa kila hatua kwenye gliserini, nyuzi 80 chini ya sifuri, sehemu mbili, maana umeme mnaujua. Slaidi za jeni naziruka.

Jumamosi alfajiri nakwenda machinjioni. Anayekuja aijaze chupa maji ya moto nyumbani, ayamwage pale pale kabla ya kuchota. Tumbo la ng'ombe lina nyuzi 39, na bakteria wake hawapendi baridi.