Naumwa Hapa: Viungo vya Mwili kwa Kichina

Karibuni. Leo nataka ukifika hospitali ya China uweze kusema unaumwa wapi, kwa hiyo daftari weka pembeni. Simama, tutajifunza kwa kujigusa.

Gusa kichwa: tóu. Sauti inapanda, kama mtu anayeuliza "eeh?" Ongeza téng, yaani kuuma, nayo inapanda vilevile. Wǒ tóu téng, naumwa kichwa. Rudia. Wǒ ni mimi, kiungo kinakaa katikati, téng mwisho. "Changu" haihitajiki. Kuanzia hapa tunabadilisha kiungo tu. Shika tumbo: wǒ dùzi téng. Gusa jino: wǒ yá téng.

Sasa mkono, na hapa twende taratibu. Sisi tukisema mkono, ni kuanzia begani hadi vidoleni. Wachina wana maneno mawili. Pitisha kiganja kutoka begani mpaka kwenye kifundo: gēbo. Kutoka kifundo hadi ncha za vidole: shǒu. Umeumia karibu na bega ukasema shǒu, daktari atakushika kiganja! Mguu ni hivyo hivyo. Piga paja: tuǐ, nayo inashuka mpaka kifundoni. Kanyaga sakafu kwa nguvu: jiǎo, ni wayo na vidole vyake.

Tazama maandishi kwenye skrini: 腿, 脚, 肚. Unaiona 月 upande wa kushoto? Katika maneno ya mwili inaashiria nyama. Ukiikuta kwenye neno geni, mara nyingi ni kiungo.

Gusa jicho: yǎnjing. Hiyo jing iwe fupi, nyepesi. Ukiishusha kwa nguvu, yǎnjìng, umetaja miwani. Simamisha video, zitamke zote mbili mpaka masikio yako yazitofautishe.

Daktari atakuuliza: Nǎr bù shūfu? Wapi hujisikii vizuri? Jibu kwa sentensi yetu. Neno likikupotea, onyesha kwa kidole: Zhèr téng, hapa panauma. Inatosha kabisa, usione haya.

Ila kabla ya daktari kuna dirisha la kujiandikisha, guàhào, na pale unachagua idara. Idara ni kē. Meno ni yákē, macho yǎnkē. Sikio ni ěrduo, pua bízi, koo hóulong. Chukua silabi ya kwanza ya kila moja, uziunganishe: ěrbíhóukē, 耳鼻喉科. Kibao chenye maandishi hayo ndicho utakachokifuata ukiumwa sikio.