Kabla Hujanunua Betri Nyingine

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za asubuhi. Najua wengine mmetoka Makambako na Njombe, wengine mmeamka alfajiri kuwahi basi la Mbeya, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye kazi. Nimeombwa nizungumzie yale matrekta madogo ya kukatia majani, hasa yaliyozeeka. Nitashika jambo moja tu: chaji.

Huku kwetu tuna msimu mmoja wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili hivi. Majani yakikauka, trekta linasukumwa bandani mpaka mvua ijayo. Betri ya asidi ikikaa miezi yote hiyo inajimaliza yenyewe, na ikiachwa tupu, sahani zake za risasi zinashikwa na salfeti ngumu isiyotoka tena. Novemba inafika, injini haiwaki, mwenye mali ananunua betri. Baada ya wiki chache hiyo nayo haizungushi stata. Anaongeza nyingine. Niliwahi kukuta betri 3 zimepangwa ukutani kwenye banda la shule moja kule Mufindi, zote za msimu mmoja, na ubovu wenyewe ulikuwa kutu chini ya bolti moja. Iliniuma sana, maana ile ilikuwa pesa ya watoto.

Kwa hiyo shika mita kabla hujashika pochi. Mashine ikiwa imelala usiku kucha, betri iliyojaa inasoma volti 12.6. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu, na 12.0 inaelekea kwisha. Ichaji kwanza. Ukiichaji vizuri na bado inasoma 10.5, hapo seli moja imekufa, nunua.

Sasa washa, vuta mafuta mpaka mwisho, upime palepale kwenye vichwa vya betri. Kati ya 13.5 na 14.5, chaji ipo. Ikibaki 12 na pointi na inazidi kushuka, chaji haifiki. Ikipita 15, betri inachemshwa. Usipime injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma polepole bila kuvuta mafuta, ukasema ni bovu: umeme huu unatokana na mwendo, na nyingi ya injini hizi zimeundwa kufanya kazi karibu na mizunguko 3,600 kwa dakika.

Umeme unatoka wapi? Hapa hakuna altaneta ya mkanda kama kwenye gari. Chini ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozungushwa na injini, kuna duara la koili limetulia, na flaiwili yenye sumaku inazunguka juu yake. Koili inatoa AC, umeme wa kwenda na kurudi, inapita nyaya 2 hadi kwenye rektifaya, nayo inaigeuza kuwa DC, umeme wa upande mmoja kama wa betri, inaidhibiti isizidi, kisha inaipeleka betri kwa waya wa katikati. Zipo injini za zamani zenye diodi ndogo tu, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja, ndani ya waya, bila rektifaya ya kudhibiti. Hizo chaji yake ni ndogo, kama ampea 3, msizidai zaidi.

Nisikilizeni vizuri hapa. Rektifaya nyingi za aina hii hazina waya wa athi. Bati lake lenyewe ndiyo athi, kupitia bolti iliyoifunga. Pakiingia kutu, au mtu akipaka rangi injini ipendeze, umeme hauna pa kurudi. Fungua, piga msasa pande zote mbili mpaka chuma king'ae, kaza. Kisha, injini ikiwa kasi kamili, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri na nyingine kwenye bati la rektifaya. Tunataka karibu na sifuri. Nusu volti ni nyingi, kuna mahali pamelegea.

Athi ikiwa safi, angalia fyuzi, na hakikisha volti za betri zinafika kwenye ule waya wa katikati ufunguo ukiwa umewashwa. Halafu chomoa plagi ya koili, geuza mita iwe AC, pima kati ya zile nyaya 2 injini ikiwa kasi kamili. Mfumo wa ampea 15 kwa kawaida unatoa volti 28 au zaidi. Ukizipata, koili ni nzima na rektifaya ndiyo ya kubadilisha. Ukikosa, zima, geuza mita kwenye alama ya kulia, pima kila waya wa koili na bodi ya injini. Kwenye mfumo huu wa nyaya 2 mita haitakiwi kulia. Ikilia, koili imeshoti. Isipolia, vua flaiwili utazame sumaku, kwa sababu gundi ikizeeka huwa zinabanduka.

Na ninawaomba kwa moyo wote, acheni kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwaka eti kuona kama inachaji. Rektifaya inaweza kufa papo hapo, na cheche karibu na gesi ya betri inaweza kuilipua usoni mwako.

Haya, tutoke nje. Lile trekta pale chini ya mkaratusi halichaji na sijaligusa bado. Dada uliye mbele, chukua mita, anza na betri, utusomee namba kwa sauti.