Gari la Dizeli la Zamani na Ubovu wa Umeme Usiokwisha

Mbukwenyi! Asanteni kwa kuitikia. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliofunga gereji mchana huu ili tukae pamoja, nawashukuru sana.

Nimeombwa nizungumzie ubovu wa umeme kwenye magari ya dizeli ya zamani, ule ambao leo umetengenezwa na wiki ijayo umerudi. Magari yenyewe mnayajua: Hilux za injini ya 2L na 3L, Land Cruiser za 1HZ, Pajero za 4D56, Land Rover za 300Tdi. Ndiyo yanayoshusha mahindi Kibaigwa, ndiyo yanayoingia Chemba na Bahi wakati magari mengine yamegota. Injini zake hazifi upesi. Kinachowachosha wenye nayo ni nyaya.

Neno langu kubwa leo ni moja. Ubovu wa umeme unaorudirudi, mara nyingi chanzo chake kiko kwenye kiungio: pale waya unapokutana na betri, na bodi, na injini, au na waya mwenzake. Na kiungio kibovu kitakudanganya ukikipima gari likiwa limetulia. Kipime wakati umeme unapita.

Tufanye hesabu kidogo. Stata ya injini ya dizeli ya lita 3 inaweza kuvuta ampea 200 au zaidi, kwa sababu injini hizi zinabana hewa mara 20 hivi ili ipate joto la kuwasha mafuta. Sasa chukua kiungio chenye kutu, chenye ukinzani wa omu 0.01 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida ya gereji haiwezi kukisoma. Zidisha 200 kwa 0.01: unapoteza volti 2. Betri nzima hushuka mpaka volti 10 na kitu stata inapozunguka. Toa 2, stata inabaki na 8. Inazunguka kivivu, hewa haipati joto, gari haliwaki. Mwenye gari anaambiwa betri imekufa. Ananunua mpya, inavumilia miezi kadhaa kwa sababu ina nguvu, kisha tatizo linarudi na sasa anaambiwa ni stata. Pesa zinaondoka, kiungio kipo palepale.

Na ukiweka mita kwenye stata hiyo gari likiwa limezimwa, itakuonyesha volti 12.6 safi kabisa. Hata waya uliokatika nyuzi karibu zote ukabakiwa na mbili utaonyesha 12.6, maana hakuna kinachopita.

Kwa hiyo fanya hivi. Chomoa waya mdogo wa solenoidi ya kuzima mafuta, yaani swichi ya sumaku iliyo kwenye pampu ya dizeli, ili injini izunguke bila kuwaka. Gusa ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe, usiguse kibanio. Ncha ya pili igusishe chuma kisafi cha injini. Mwambie mwenzako apige stata, wewe soma. Ikiwa chini ya volti 0.3, ethi yako, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ni nzima. Ikisoma 1 au zaidi, umempata mwizi bila kufungua boliti hata moja. Kisha rudia upande wa chanya: kutoka nguzo chanya ya betri mpaka boliti nene ya stata. Kazi ya dakika tano. Nawaomba vijana, hii iwe ya kwanza kabla hujamtuma mtu dukani.

Mkishaujua mwendo huo, kuna waya mmoja nataka muuheshimu: ule mkanda unaounganisha injini na bodi. Injini imekaa juu ya raba, haigusani na bodi kwa chuma. Mkanda huo ukikatika au ukioza, umeme hautakubali kukaa; utatafuta njia nyingine ya kurudi. Utapita kwenye waya wa chuma unaovutwa na pedeli ya eksileta, au wa klachi. Ukiona waya wa eksileta umekuwa wa moto kuushika, au plastiki yake imeyeyuka, usibadilishe huo waya peke yake, utaungua tena. Tafuta mkanda wa ethi. Vilevile kwenye taa za nyuma: unakanyaga breki, indiketa inawaka kwa mbali, au unawasha indiketa na taa ndogo zinapepesa nayo. Balbu hazina kosa. Ethi ya taa hiyo imekufa na umeme unarudi kupitia balbu ya jirani.

Hapa kwetu Dodoma vumbi lina kazi yake. Miezi mingi ya mwaka tunaishi kwenye ukavu, vumbi laini linaingia kwenye kila soketi, linakaa kimya. Mvua zikianza mwezi wa 12, lile vumbi linashika unyevu, na shaba inaota ile kutu ya kijani. Ndiyo maana magari mengi yaliyokuwa mazima Oktoba yanaanza vituko Januari. Mtetemo wa njia za vumbi nao unamalizia waya ambao tayari umechoka kwenye kona.

Lakini kinachoniuma zaidi kuliko vumbi ni mikono yetu. Gari la miaka 30 limepita kwa wenyewe wengi. Mmoja amefunga redio, mwingine alamu, mwingine spotilaiti, mwingine swichi ya siri ya kuzuia wezi. Kila mmoja amekata waya wa asili, akasokota, akafunga tepu nyeusi. Kwenye joto la chini ya boneti gundi ya tepu inayeyuka, tepu inafunguka, na pale kiungio kinabaki uchi. Kiunge kwa kubana vizuri na koleo la kazi hiyo, au kwa kuchomelea risasi, kisha kivalishe kile kimpira kinachosinyaa kwa moto. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na waya mzima kuungua.

Na fyuzi, jamani. Nimefungua masanduku ya fyuzi nikakuta kipande cha waya, nikakuta karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara. Fyuzi ya ampea 15 imewekwa 15 kwa sababu waya ulio nyuma yake unavumilia kiasi hicho. Ukiweka kitu kisichokatika, siku ya shoti kitakachoungua ni waya ndani ya dashibodi, na wewe uko barabarani na watoto nyuma. Fyuzi inayoungua mara kwa mara inakuita ukatafute shoti. Itafute.

Niseme habari ya altaneta, ile inayochaji betri, maana kwenye dizeli ina mambo yake. Magari mengi ya Toyota ya dizeli, zikiwemo hizo 2L, 3L na 1HZ, yana pampu ya vakyumu ya breki, ile inayofyonza hewa ili breki iwe laini kukanyaga, mgongoni mwa altaneta, na pampu hiyo inapata oili kutoka kwenye injini. Sili yake ikichoka, oili inaingia ndani ya altaneta, inalowesha kaboni, vile vipande vinavyopitisha umeme ndani yake. Altaneta inaacha kuchaji. Unabadilisha kaboni, mwezi unapita, imekufa tena. Fundi, ukiifungua ukakuta imelowa oili, weka sili kwanza.

Tena dizeli ya zamani, ya pampu isiyo na kompyuta, haihitaji umeme mwingi ikishawaka. Altaneta inaweza kufa ukiwa Mtera na ukafika Iringa bila kujua, ukizima ndipo haliwaki. Hivyo taa ya betri kwenye dashibodi ni lazima iwe nzima. Funguo ikifunguliwa iwake, injini ikiwaka izimike. Mita kwenye betri, injini ikiwa inaunguruma, isome kati ya 13.8 na 14.4.

Wenye magari ya volti 24, yale yenye betri mbili zilizofuatana: msichukue volti 12 za redio kutoka betri moja. Hiyo moja inaishiwa, nyingine inachajiwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa. Kuna kifaa cha kushusha 24 kuwa 12, kinunuliwe.

Stata inayogonga “tak” moja na taa zimebaki kali: fungua solenoidi yake uangalie vile vipande viwili vya shaba, kwenye Toyota vinalika upande mmoja. Vinabadilishwa vyenyewe, huhitaji stata nzima. Ikigonga mfululizo na taa zinafifia, rudi kwenye betri na viungio.

Mzee wetu pale mbele ameniuliza mlangoni kuhusu gari lake linalozimika likipata moto, likipoa linawaka kama halikuwa na neno. Mzee, shikamoo tena. Ile solenoidi ya kuzima mafuta niliyoitaja inahitaji volti 12 muda wote ili mafuta yapite. Umeme ukikatika kwa sekunde, injini inazima. Joto linapanua vitu, kiungio kilicholegea kinaachia. Mwambie fundi wako atoe waya wa muda kutoka betri moja kwa moja mpaka kwenye solenoidi, autie fyuzi karibu na betri, kisha mwende nao mpaka gari lipate moto. Lisipozimika, ubovu uko kwenye swichi ya funguo au waya unaotoka huko. Likizimika vilevile, ni solenoidi yenyewe, au mafuta hayafiki, na hapo mkaangalie chujio na hewa kwenye mpira wa dizeli. Ila ujue, mzee wangu, waya ule ukiwepo funguo haitazima injini. Ni mpaka uuchomoe mwenyewe.