Mpaka wa Israel na Palestina: Ramani ya Olmert na Mji wa Ariel

Ndugu wasikilizaji, ahsanteni kwa kufika. Jioni hii naomba tuitazame ramani moja tu.

Septemba 2008, Waziri Mkuu wa Israel, Ehud Olmert, alimwonyesha Rais wa Palestina, Mahmoud Abbas, mpaka aliokuwa akiupendekeza. Israel ingechukua takriban asilimia 6.3 ya Ukingo wa Magharibi, kwenye makazi makubwa ya walowezi wa Kiisraeli. Wapalestina wangefidiwa ardhi ya kiasi cha asilimia 5.8 kutoka ndani ya Israel, pamoja na njia ya kuiunganisha Gaza na Ukingo wa Magharibi. Abbas aliomba ramani akaichunguze na wataalamu wake. Akanyimwa, ikabidi aichore kwa mkono. Olmert naye alikuwa ameshatangaza kwamba atajiuzulu, akiandamwa na tuhuma za rushwa. Mazungumzo yakafia hapo.

Upande wa Palestina ulikuwa tayari kubadilishana asilimia 1.9 hivi. Mtu atauliza: kweli watu wameshindwa kwa asilimia nne? Ndugu zangu, tusihesabu asilimia tu, tuangalie ardhi yenyewe iko wapi. Gush Etzion, kundi la makazi ya walowezi kusini mwa Jerusalem, kwa sehemu kubwa iko karibu na mstari wa 1949, ule wa kusitisha vita uliotenganisha Israel na Ukingo wa Magharibi, hapo panazungumzika. Ariel je? Mji huo wa walowezi, ulioanzishwa 1978, uko katikati kabisa ya kaskazini ya Ukingo wa Magharibi. Ukiuchukua, huna budi kuchukua na barabara yake. Ardhi ya Palestina inakatwa, na mkulima wa Salfit, mji ulio jirani, anaachwa na mizeituni yake ng'ambo ya uzio. Fidia ya shamba jangwani haimfikishi kwenye miti hiyo.

Kanuni yenyewe ya kubadilishana ardhi haina ubishi mkubwa. Mwaka 2013 hata wajumbe wa Umoja wa Nchi za Kiarabu walikubali mabadilishano madogo, kwa kiwango sawa. Lakini muda unakula ardhi: 2008 walowezi wa Ukingo wa Magharibi, bila Jerusalem Mashariki, hawakufika 300,000, leo wamezidi 500,000.

Msimamo wangu ni huu: Ariel ibaki upande wa Palestina, na wakazi wake walipwe wahamie Israel. Ni uchungu, nakiri, kwa watu waliozaliwa pale. Lakini Israel iliwahi kuuhamisha mji wa walowezi wa Yamit, 1982, ili Sinai irudi Misri, na mkataba wa amani wa nchi hizo mbili ungalipo.