Humu Mnaingia Yuniti Ngapi?

Assalamu alaykum. Nashukuru kwa kualikwa. Haya maboksi yenye betri na soketi, wenyewe mnayaita pawa stesheni, nimeyasemea hapa mjini Unguja mara nyingi mpaka watoto wangu wamehifadhi maneno yangu. Nitayarudia, kwa sababu kila umeme ukikatika mara mbili tatu kwa wiki, watu wanatoa pesa za kusomeshea watoto kwa kitu ambacho hawajakipima.

Sote hapa tunanunua umeme kwa yuniti. Mama akitia yuniti ishirini anajua zitamfikisha siku gani, wala hamwiti fundi kumpigia hesabu. Basi boksi nalo ni ndoo ya yuniti. Yuniti 1 ni wati-saa 1000. Boksi la wati-saa 500 ni nusu yuniti, basi. Ukiingia duka lolote pale Darajani, suali lako la kwanza liwe hili: humu mnaingia yuniti ngapi? Akikujibu kwa wati, hajakujibu. Wati ni upana wa mfereji, wati-saa ni ukubwa wa ndoo.

Mimi nakaa kwenye mabloki ya ghorofa ya Michenzani. Jirani yangu alikuwa na harusi ya mwanawe, na siku mbili kabla akajaza friza: nguru wawili, pweza, kuku, na tui la nazi limefungwa kwenye mifuko. Alikwishanunua boksi, limeandikwa ubavuni kwa rangi ya dhahabu, 1000. Saa mbili usiku umeme ukakatika. Akachomeka friza, taa ya kijani ikawaka, akatulia. Saa tano nasikia mlango unagongwa. "Fundi, boksi limezima!"

Nikapanda na tochi, nikaligeuza chini juu. Kwenye kitako, kwa herufi ndogo kama za kwenye chupa ya dawa, pameandikwa 256Wh, yaani wati-saa 256. Robo yuniti! Ile 1000 ilikuwa wati, yaani mzigo linaoweza kuubeba kwa wakati mmoja. Friza yake ikizunguka inakula kiasi cha wati 80. Ondoa kile kinachopotea kwenye inveta, kile kifaa cha ndani kinachogeuza umeme wa betri uwe wa soketi, linabaki boksi la saa mbili na nusu. Na mwenyewe, kwa wasiwasi, alikuwa anafungua mfuniko kila mara kuangalia samaki, baridi linatoka, mota haipumziki.

Tulifanyaje? Tuliifunga friza kwa kanga mbili, fundo juu, tukamwambia kila mtu mle ndani asiiguse. Umeme ulirudi saa tatu asubuhi. Nguru walikuwa bado jiwe. Friza iliyojaa, ikifungwa isifunguliwe, inashika ubaridi siku nzima bila boksi lolote. Friji ya kawaida inavumilia kama saa nne. Ndiyo maana nasema friji isiwe jambo la kwanza kwenye hesabu yako. Usiku wa joto kali mtu anahitaji feni.

Najua kuna atakayesema: langu halina wati-saa, limeandikwa miliampea-saa 80,000. Zigawe kwa 1000, upate 80, uzidishe kwa 3.7, ambayo ndiyo volti ya seli za lithiamu za kawaida zilizomo ndani. Unapata wati-saa 296. Usizidishe kwa 230 kwa kuwa soketi inatoa 230! Nimeshaliona kosa hilo kwa watu waliosoma.

Mwengine atasema, si bora jenereta? Wenye umri wangu mnaikumbuka Desemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu Unguja iko gizani, na mji unavyonguruma. Kwenye nyumba ya chini yenye uwa, sawa. Ghorofani, hapana, na roshani si nje. Moshi wa jenereta una kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, inamkuta mtu amelala. Hapo siwezi kusikilizana na mtu.

Na betri la gari lenye inveta? La volti 12, ampea-saa 100, ni wati-saa 1200 kwa karatasi, lakini ukilitumia zaidi ya nusu kila mara unaliua upesi. Hesabu 600. Tena likichajiwa linatoa gesi inayoshika moto, na chumba chenu ni kile kile mnacholala.

Sasa pigeni hesabu pamoja nami, saa sita za giza. Feni wati 50, ni 300. Taa tatu za wati 9, ni 162. Ruta ya intaneti wati 10, ni 60. Simu nne, tia 60. Jumla 582. Boksi halitoi lote lililoandikwa, linatoa kama asilimia 85, basi gawa kwa 0.85, unafika karibu 700. Kwa hiyo nyumba ya kawaida inataka kuanzia yuniti moja, ibaki akiba. Birika la umeme la wati 2000 liacheni, chai ichemke kwenye gesi.

Naona naoneshwa saa. Haraka haraka: ulizeni betri ya lithiamu chuma fosfeti, inachajiwa maelfu ya mara, zile nyengine zinachoka baada ya mia kadhaa. Inveta iwe ya wimbi safi, yaani itoe umeme kama ule wa ukutani, la sivyo feni italia na mota ya pampu inaweza kuungua. Boksi lisiwekwe juani wala kufunikwa nguo. Sola ya roshani ina maneno yake, ila msiiweke nyuma ya kioo.

Nimewaona watatu mmekuja na maboksi yenu. Yaleteni hapa mbele, muyageuze, tusome kitakoni.